Sahihi ya mahudhurio si idhini

Birmingham, Uingereza, ninakoishi, mtu akitaka kuinua jengo, tangazo hufungwa kwenye nguzo ya taa: kinachojengwa, ramani inapatikana wapi, siku ya mwisho ya kutoa maoni. Kwa kawaida ni siku 21. Mwaka jana nilipinga ghorofa moja kwa sababu ya kivuli. Kibali kilitolewa, lakini ripoti ya ofisa wa mipango ilitaja hoja yangu na kueleza kwa nini haikukubaliwa. Nilishindwa, ila nilijibiwa.

Kwetu Kenya sheria ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Nayo ina meno: Juni 2019 leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu ilifutwa, sababu moja ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Nilipokuja likizo nilimsindikiza shangazi kwenye mkutano wa maoni kuhusu barabara inayopangwa mtaani kwake, Majengo, Mombasa. Ijumaa, saa nne. Ramani ilimulikwa ukutani huku jua limejaa ukumbini, maandishi yote Kiingereza. Shangazi akasimama: "Barabara hii yapita mbele ya msikiti au nyuma?" Akaambiwa maswali yatajibiwa mwishoni. Karatasi ya mahudhurio ikazungushwa, atiaye sahihi apewe nauli. Ilipokaribia saa sita watu wakatoka kuwahi sala ya Ijumaa, na huo ndio ukawa mwisho. Baadaye nikaambiwa sahihi zile zimeambatanishwa na ripoti kuonyesha wakaazi wameridhia.

Hilo liliniuma. Shangazi ana nyumba, ardhi si yake, kama walivyo wengi Majengo. Kila mwezi humlipa mwenye ardhi. Alichouliza ni kama atabaki na pa kulala.

Wala si kwamba watu wetu hawana la kusema. Vikao vya mipango nilivyohudhuria huku Birmingham, mara nyingi viti ni vitupu. Mombasa mzee yeyote wa maskani atakueleza maji ya mvua hutuama wapi na mtaro upi uliziba lini. Basi ramani ibandikwe msikitini na sokoni wiki tatu kabla, kwa Kiswahili. Mpangaji aipite njia yenyewe kwa miguu na wenyeji, aonyeshe kwa kidole ukuta utakaoguswa. Kila hoja iandikwe, na jibu lirudi palepale ilipotoka.

Jana nimempigia simu shangazi. Bado hajajua barabara yapita wapi.