Kabla Fundi Hajavunja Stoo

Siku hizi ukimleta fundi akague nyumba ya zamani hapa Mwanza, iwe Nyakato, Nyegezi au Kirumba, macho yake yanakimbilia stoo. "Shemeji, hiki kichumba kinakula nafasi bure. Tukiupiga chini huu ukuta, sebule inapumua." Baba watoto anaitikia kwa kichwa, keshaiona runinga kubwa ukutani. Mimi nasema stoo ibaki.

Wanaoamua ivunjwe mara nyingi si wanaoingia humo. Muulize dada wa kazi, au mama anayejua bila kufunua debe kwamba mchele utafika Jumapili au hautafika.

Tuanze na dagaa, maana huwezi kuzungumzia stoo ya Mwanza ukawaruka. Huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikishamiri, mitumbwi mingi ya dagaa hupumzika na bei pale soko la Mwaloni inapanda. Kwa hiyo anayejua mambo hununua wakati wa giza, kiroba kizima, akaweka. Sasa kiroba hicho kikae wapi? Dagaa waliokaushwa vizuri hudumu, ila hunyonya unyevu wa hewani, na wakishalainika wanaota ukungu. Wanataka pakavu panapopita hewa, juu ya kichaga, bila kugusa ukuta. Tena mbali na mapazia! Nimeshakaa kwenye sebule ya watu iliyopanuliwa, vigae vinang'aa, taa za rangi darini, kiroba kimefichwa nyuma ya sofa. Mgeni unakijua kabla hujakaribishwa kiti.

Hapo sijagusa gunia la mkaa, madumu ya maji ya akiba, wala mchele wa Sengerema. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, ndugu wa ng'ambo ya ziwa hawasubiri tena kivuko. Gunia linafika kabla ya simu.

Watasema jenga banda uani. Kwenye kiwanja kipana, sawa. Lakini wenzetu wa milimani, Mabatini na Igogo, wanajua gharama ya kuongeza hata hatua mbili za sakafu: uliwashie jiwe moto mpaka lipate nyufa, kisha nyundo, kisha vijana wa kubeba vipande kushuka navyo kilimani. Chumba ambacho tayari kina msingi na paa unakivunjaje?

Simaanishi kibaki kilivyo. Stoo nyingi za ramani za zamani ni vishimo vya giza ambamo panya ndiye mwenye nyumba. Toboa dirisha, weka wavu wa chuma wa matundu madogo. Kama upande mmoja unatazama uani, weka mlango huko, gunia lisipite sebuleni. Rafu zianze juu kidogo ya sakafu ili ufagio upite chini yake.

Ila kuna mtindo mwingine ambao nao siuafiki. Watu wameona kwenye simu nyumba za Ulaya zenye chumba kimoja cha kufulia na kuhifadhia vitu, wanataka mashine ya kufulia iingie humo humo stoo. Nguo mbichi na chakula kikavu haviivi chungu kimoja. Wakati wa mvua, sare za shule zikianikwa ndani siku nzima, unyevu wote unaishia kwenye unga na dagaa. Mashine ikae baraza la nyuma, chini ya bati, sakafu iinamie tundu la kutolea maji, na kamba ya kuanikia iwe hapo hapo. Mtungi wa gesi pia usiuingize stoo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, na chumba cha kufungafunga ndicho kibaya zaidi.

Kama stoo yako iko katikati ya nyumba, haina ukuta hata mmoja unaogusa nje, hapo sina ugomvi na fundi. Avunje. Akuhakikishie kwanza kwamba ukuta huo haubebi kenchi za paa, na kabati la chakula lijengwe jikoni kabla sebule haijapakwa rangi, maana pesa ikishaingia kwenye rangi na taa, kabati litasubiri mwaka mwingine.