Kuku Niliyemwomba Wakatobi

Mimi ni mzaliwa wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako mwani ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na kwa hiyo nimekua nikiamini kwamba bahari naijua. Jambo ambalo sikuona haja ya kuwaeleza wenyeji wangu wa Indonesia ni kwamba kwetu mwani hushughulikiwa wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa hadi huko yanakokwenda, na mkulima hupigilia vigingi vyake mchangani akiwa amesimama kwa miguu yake miwili, maji yakimfika magotini. Kuogelea sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilikuwa nimepelekwa Wakatobi kuona namna wenzetu wanavyolima mwani katika maji ya kina, kwa kamba ndefu zinazoelea kwa msaada wa chupa tupu za plastiki. Wakatobi ni visiwa vya kusini mashariki ya Sulawesi, na jina lenyewe limeungwa kwa silabi za mwanzo za visiwa vinne: Wangi-Wangi, Kaledupa, Tomia na Binongko. Nilifikia katika kijiji kimoja cha Wabajo, jamii ya wavuvi na wapiga mbizi, kilichosimama baharini jirani na Kaledupa, na ninaposema baharini sina maana ya ufukweni. Nyumba zote zimejengwa juu ya nguzo, maji yanapita chini ya sakafu usiku na mchana, dumu la maji ya kunywa linakuja kwa mtumbwi, na kutoka nyumba moja kwenda nyingine unapita juu ya mbao mbili zilizolazwa sambamba, zisizo na cha kushikia. Siku ya kwanza kijana mmoja alininyoshea mkono anivushe. Nilimkatalia kwa tabasamu la mtu wa pwani.

Kosa langu la pili lilikuwa la lugha, na hilo nalaumu kijitabu. Nilikisoma kwa wiki tatu kabla ya safari, na kila ukurasa ulinipokea kama ndugu. Habari ni *kabar*, wakati ni *waktu*, sabuni ni *sabun*, karatasi ni *kertas*, nanasi ni *nanas*, dunia ni *dunia* ile ile, na bendera, ambayo sisi na wao tuliipata kwa Wareno, ni *bendera* bila kupungua herufi. Nikajiridhisha kwamba Kiindonesia ni Kiswahili kilichosafiri mbali kikaangusha irabu kadhaa njiani, na kwamba nikikwama popote nitasema tu neno la nyumbani, kisha Mungu atasaidia. Wabajo wana lugha yao wenyewe, lakini kwa mgeni huzungumza Kiindonesia, kwa hiyo sikuona tatizo.

Tatizo lilinipokea gatini. Mtumbwi wetu ulipokaribia, watoto wapatao kumi walitoka mbio juu ya zile mbao wakipiga kelele, "*Ada tamu! Ada tamu!*" Mama mwenye nyumba akaja nyuma yao, uso wake umepakwa unga wa mchele uliokandwa kwa maji kama wanawake wa kwetu wanavyopaka liwa. Akanishika mkono juu ya kiwiko, akaniminya kidogo, akawageukia majirani, akasema kwa sauti ya kuridhika kabisa, "*Tamu.*"

Msomaji aniwie radhi. Mimi ni mtu wa elimu kiasi changu, na najua kwamba watu hawaliwi. Lakini mtu wa elimu, akiwa amelala juu ya mkeka katikati ya bahari, huku nyuma ya ukuta wa mbao watu wanazungumza kwa lugha asiyoijua na kila baada ya maneno matatu anasikia "tamu", na mmoja anacheka, na mwingine anajibu "tamu" na kutaja kitu kuhusu kesho asubuhi, elimu yake hupungua. Usiku ule sikulala. Ilinichukua hadi siku ya tatu kukutana na neno hilo kwenye kijitabu, ukurasa wa mwisho, katika sehemu ya adabu: *tamu*, maana yake mgeni.

Baada ya hapo nilitulia, na kutulia ndiko kulikoniponza. Watu wale walinitunza vizuri mno. Kila mlo ulikuwa samaki aliyevuliwa saa chache kabla, pamoja na kasuami, muhogo uliokunwa, ukakamuliwa maji, kisha ukapikwa kwa mvuke katika chombo cha umbo la pia hadi ukasimama kama kilima kidogo cheupe. Ni chakula kizuri. Lakini samaki asubuhi, samaki mchana na samaki usiku kwa siku sita humfikisha mtu mahali pa kuwaza mambo mengine, na mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwa kuku. Walikuwa na mmoja, jike la rangi ya kahawia, ambalo lilitembea juu ya mbao zile bila kuangalia chini, na kila likipita mbele yangu nililiona limekwisha kupakwa nazi.

Jioni ya siku ya sita tulikaa barazani, au tuseme mahali ambapo baraza lingekuwa kama kungekuwa na ardhi. Maji yalikuwa yamejaa. Mzee mwenye nyumba alikuwa ameketi kizingitini akitengeneza miwani ya kupigia mbizi, ile ya fremu ya mti wanayochonga wenyewe, miguu yake ameinyosha mbele. Mzee huyu nilimheshimu sana, na kwa siku zote sita nilimwita Babu, kwa sauti ya unyenyekevu na mkono kifuani. Kila nilipomwita hivyo alitazama nyuma yake kwanza, kisha ndipo akaitika. Nilidhani ni tabia ya wazee.

Yule kuku akapita nyuma ya miguu ya mzee. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikanyosha kidole, nikasema polepole, kila neno peke yake: "*Babu, saya mau makan kuku.*" Yaani, babu, nataka kula kuku.

Wakati maneno yanatoka kinywani kuku alikuwa amekwisha kuingia ndani, na kidole changu kikabaki kimeelekea dole gumba la mguu wa mzee, ambalo ukucha wake, kwa miaka mingi ya matumbawe na maji ya chumvi, ulikuwa mnene na wa rangi ya gamba la chaza.

Pakawa kimya. Mzee aliutazama ukucha wake. Akanitazama mimi. Kisha taratibu, kwa heshima ileile ambayo hakuwahi kuiacha hata siku moja, akaikunja miguu yote miwili na kuifunika kwa saruni yake. Mama akamvuta mjukuu wake karibu. Mimi nikadhani wanajiuliza kama kuku mmoja atatosha, nikaona niwaondolee wasiwasi, nikaongeza kwa sauti kubwa zaidi kwamba nina njaa, *saya lapar*, tena njaa nyingi.

Jirani mmoja, mwalimu wa watoto, ndiye aliyenihurumia. Akanyanyua mkono wake, akagonga ukucha wa kidole chake, akasema, "*Ini kuku.*" Hii ndiyo *kuku*. Akagonga mara ya pili ili pasiwe na shaka. Kisha, kwa kuwa mwalimu hawezi kusahihisha kosa moja akaacha jingine, akanieleza kwa maneno na vitendo, akishika ufagio na kufagia hewani, kwamba *babu* ni mtumishi wa kike wa nyumbani, na kwamba neno hilo halisemwi mbele ya watu.

Nikahesabu. Kwa siku sita nilikuwa nimemwita mzee wa watu kijakazi, mkono kifuani, na sasa nilikuwa nimemwamuru aniletee kucha zake nizile kwa sababu nina njaa.

Sikuwa na msamiati wa kujitetea, kwa hiyo nikatumia mwili. Nikasimama, nikakunja viwiko, nikapigapiga mabawa, nikalia kokoko kwa bidii yote, nikachakura mbao kwa mguu wa kulia, nikarudi nyuma hatua moja nichakure kwa mguu wa kushoto. Hapo nyuma hapakuwa na ubao.

Sauti ya mwisho niliyoisikia kabla maji hayajanifunika ilikuwa ya mtoto akipaza, "*Tamu jatuh!*" Mgeni ameanguka. Niliangukia upande ule wa nyumba ambao heshima inanizuia kuutaja kazi yake. Mwaka 2018 wanasayansi waliandika kwamba bandama za Wabajo waliopimwa Sulawesi ni kubwa kuliko za majirani zao wa nchi kavu kwa takriban asilimia 50, na kwamba huenda hilo huwasaidia kukaa chini ya maji. Bandama yangu mimi ni ya Paje, na ilinisaidia kunywa. Aliyenitoa ni mtoto wa miaka kama saba, aliyejitupa kichwa mbele, akanishika ukosi wa shati, akanipeleka hadi kwenye nguzo na kuniambia niikumbatie, kisha akazama tena kwa utulivu kwenda kutafuta ndala yangu.

Usiku, nikiwa nimefungwa saruni ya mzee huku nguo zangu zikikauka, mama alikuja na sahani. Walikuwa wamemchinja yule jike. Wote walikaa duara wakanitazama. Mama akainama, akachagua kwa makini chunguni, akaniwekea miguu miwili ya yule kuku, iliyochemshwa vizuri, na makucha yake yote kumi na sita… la, manane, niliyahesabu tena.

"*Kuku,*" akaniambia, akiyagonga moja moja kwa kijiko.

Nikala. Kila nilipoinua macho nilimwona mzee anatafuna kwa raha, akinitikisia kichwa, miguu yake bado ameikunja chini yake.