Inteki Mpya kwenye Pikapu: Unanunua Mlio

Ukibadilisha inteki, yaani njia ambayo injini huvutia hewa, mlio utaongezeka, hilo halina ubishi. Ukitoa boksi la filta lililokuja na pikapu ukafunga bomba pana linalong'aa, lenye filta ya koni mwishoni, utaisikia injini ikivuta pumzi kila unapokanyaga mafuta, na kama ina turbo, ile feni inayosukumia hewa ndani ya injini, utaisikia ikipiga mluzi. Wengi huishia hapo na kutangaza kwamba gari limekuwa jepesi. Mimi nasema kilichobadilika ni sauti. Tena kwenye pikapu inayofanya kazi ya pikapu, sauti hiyo hulipiwa na ringi za pistoni, zile pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda.

Chukua kwanza habari ya "hewa baridi" inayopigiwa debe kwenye kila kasha la inteki inayouzwa. Fungua boneti, lifuate bomba la kiwandani hadi linapoishia. Kwenye pikapu nyingi za sasa litakupeleka nyuma ya taa au ndani ya madigadi, mahali hewa ya nje inapoingia bila kupita kwenye joto la rejeta na eksozi. Kwa hiyo hewa baridi unayo tayari. Koni iliyoachwa wazi chini ya boneti ndiyo inayovuta hewa iliyokwisha kupashwa na injini yenyewe. Na hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30 katika kanieneo (mgandamizo wa hewa) ileile. Kwa injini ya petroli isiyo na turbo, hiyo ni nguvu inayopotea. Ndiyo maana nikionyeshwa grafu ya dainamomita, mashine ya kupimia nguvu ya gari, huwa nauliza: boneti ilikuwa wazi? Kulikuwa na feni kubwa ikipuliza kwa mbele? Barabarani tunaendesha boneti ikiwa imefungwa.

Halafu kuna hili la kwamba boksi la kiwandani "linaibana" injini. Linaibana, ndiyo, lakini kwa kiasi gani? Injini ya dizeli ya lita 2.8 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika humeza zaidi ya lita 4,000 za hewa kila dakika, kabla turbo haijaongeza chochote. Ni hewa nyingi, na mtengenezaji aliyajua hayo alipochagua ukubwa wa filta. Mfumo mzima wenye filta safi hupoteza kilopaskali (kipimo cha kanieneo) chache tu ukikanyaga hadi mwisho, ilhali kanieneo ya hewa usawa wa bahari ni kilopaskali 101. Hata ungeuondoa ukinzani wote, ukabaki na tundu tupu, ungepata asilimia chache, tena pale juu kabisa kwenye mizunguko ambayo pikapu yenye mzigo haikai. Kazi ya pikapu iko chini huko, kwenye kuondoka na kupanda mlima.

Kwenye dizeli zenye turbo mambo ni mabaya zaidi kwa muuzaji. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamua turbo isukume kiasi gani na dizeli iingie kiasi gani. Ukirahisisha njia ya hewa, turbo inafikia lengo lilelile kwa kupunguza kuhangaika kidogo, basi. Hewa yenyewe ikitoka kwenye turbo ni ya moto mno, na inapozwa na intakula, yaani kipoza hewa, kabla ya kufika kwenye silinda, kwa hiyo ule ubaridi uliolipia mwanzoni unakuwa umemezwa njiani.

Na mafuta? Hapa sina subira. Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari ya petroli ya kisasa yakiwa na filta safi na yakiwa na filta iliyozibwa kwa makusudi. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa maana yoyote, ila kasi ya kuchomoka ndiyo iliyopungua. Sababu ni kwamba kompyuta hupima hewa na kutoa petroli inayolingana nayo, na unapoendesha polepole kizibo cha hewa kinachofuata kanyagio lako kimejifunga nusu hata hivyo. Gari la zamani la kaburata, lililochanganya petroli na hewa bila kompyuta, lilikuwa na hadithi nyingine. Sasa kama filta iliyoziba haiongezi ulaji wa mafuta, filta iliyo wazi zaidi itakuokolea mafuta kutoka wapi? Kinachotokea kwa kawaida ni kinyume: mlio mtamu humfanya dereva akanyage zaidi.

Vumbi ndilo linaloniudhi. Filta hupimwa kwa kiwango cha kimataifa, ISO 5011, na kinachoangaliwa ni mambo matatu: inapitisha hewa kwa urahisi gani, inazuia vumbi kwa kiasi gani, na inabeba vumbi kiasi gani kabla ya kuziba. Matatu hayo yanavutana. Ukitaka hewa ipite kirahisi kwenye filta ya ukubwa uleule, lazima upunguze mahali pengine, na mara nyingi kinachopunguzwa ni uwezo wa kuzuia vumbi. Kwenye tangazo utasoma "inazuia asilimia 98" na utaona panatosha. Linganisha na filta ya karatasi inayozuia asilimia 99.5. Ya kwanza inapitisha sehemu 2 katika kila 100, ya pili nusu sehemu. Vumbi linaloingia kwenye injini ni mara nne. Kwa gari dogo linaloshinda kwenye lami, pengine hutajua kamwe. Pikapu inayofuatana na malori kwenye barabara ya udongo itakula hilo vumbi kila siku, na chembe ndogo usizoziona ndizo zinazopita kati ya ringi na ukuta wa silinda. Feni ya turbo nayo inalika kwenye ncha. Ukitaka ushahidi, peleka oili iliyotumika ikapimwe maabara: silikoni ikipanda sambamba na chuma, mchanga unaingia.

(Hata wenye filta ya kiwandani wanajiharibia. Ile tabia ya kuipuliza kwa kompresa kila wiki hutoboa karatasi, na filta yenye vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya. Iache. Ikiziba, ibadilishe.)

Filta za pamba zinazopakwa oili zina usumbufu wake. Oili ikizidi, hewa huibeba hadi kwenye sensa inayopima hewa, ile yenye uzi mwembamba unaopashwa moto. Uzi ukipakwa oili, vipimo vinapotoka, injini inatetemeka ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, taa ya injini inawaka, na fundi anaanza kubahatisha spea. Bomba lenye kipenyo tofauti pale sensa inapokaa nalo hupotosha vipimo, kwa kuwa sensa hiyo ilirekebishwa kwa kipenyo cha kiwandani.

Maji nayo. Baadhi ya mifumo huishusha koni hadi karibu na bampa ili ipate hewa baridi zaidi. Ukiingia kwenye dimbwi lenye kina, injini inavuta maji, na maji hayabanwi kama hewa: konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, ndizo zinazopinda.

Snorkeli, lile bomba la hewa linalopanda nje ya gari hadi usawa wa paa, naiunga mkono, ingawa haiongezi nguvu. Inavuta hewa kwa juu ambako vumbi ni haba, na ukiipachika kofia inayozungusha hewa, vumbi zito hutupwa nje kabla ya kufika kwenye filta. Sharti moja: kila kiungo kutoka juu hadi kwenye boksi kizibwe sawasawa, pamoja na yale matundu ya kutolea maji. Snorkeli isiyozibwa ni pambo.

Kuna wanaohitaji inteki mpya kweli. Kama umeweka turbo kubwa na kompyuta imeandikwa upya, injini sasa inaomba hewa ambayo boksi la zamani halikupangiwa, na hapo boksi kubwa lililofungwa, lenye filta ya karatasi yenye eneo pana, ni pesa iliyokwenda mahali pake. Hata hivyo pima kwanza. Funga geji ya mvuto baada ya filta, weka mzigo, panda mlima ukiwa umekanyaga hadi mwisho, kisha usome. Kilopaskali moja au mbili maana yake boksi lako halina kosa.

Na kama koni tayari umeifunga na unaupenda mlio wake, sikukatazi, ni gari lako. Ila legeza klipu, toa bomba, upanguse ndani yake kwa kitambaa cheupe upande wa injini. Kikitoka na vumbi, rudisha boksi la kiwandani jioni hiyohiyo, kama bado hujaliuza.