Bwawa la Starehe na Wanaolala Chini Yake

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977, baada ya mvua ya siku kadhaa katika vilima vya kaskazini mwa jimbo la Georgia, Marekani, watu wa zimamoto wa kujitolea walipanda kulitazama tuta la bwawa la Kelly Barnes, lililokuwa juu ya maporomoko ya Toccoa. Hawakuona jambo la kuwafanya wawaamshe waliolala bondeni. Ilipofika saa saba na nusu usiku tuta likapasuka, maji yakaruka maporomoko hayo yenye kimo cha futi 186, yakaingia katika makazi ya chuo kidogo cha Biblia kilichokuwa chini yake, na watu 39 wakafa, wakiwamo watoto wengi.

Bwawa lenyewe halikuwa kubwa. Tuta lilikuwa na kimo cha mita 12 hivi na urefu wa takriban mita 120, na wengi wetu tungelipita kando yake tungesema ni lambo tu. Lilianza mwaka 1899 kama kizuizi cha magogo na mawe; baadaye chuo kikalifunika kwa udongo na kuliinua ili kizalishe umeme wake, na mwaka 1957 umeme huo ulipoachwa, bwawa halikuondolewa. Lilibaki kuwa mahali pa kuvulia samaki na kupumzikia. Kwa miaka 20 iliyofuata, kazi yake pekee ilikuwa kupendeza.

Swali ambalo tukio hili liliacha ni hili: mtu binafsi, au taasisi isiyo ya serikali, mwenye bwawa dogo la udongo alilolijenga au kulirithi kwa ajili ya starehe, alazimishwe kiasi gani kulikagua, kulitengeneza au kulibomoa?

Hoja za wamiliki si za kupuuzwa. Bwawa la starehe haliingizi fedha kama la umeme au la umwagiliaji, ilhali kumleta mhandisi, kupanua utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, na kubadilisha bomba lililoliwa na kutu chini ya tuta ni kazi inayoweza kugharimu kuliko thamani ya shamba zima. Kulibomoa nako si rahisi kama wasemavyo wasiokuwa nalo, kwa kuwa matope ya miongo mingi yaliyotulia chini hushuka mtoni pamoja na maji, samaki hupotea, na majirani waliokuwa wakichota hapo maji ya kuzimia moto hubaki bila kitu. Isitoshe, mara nyingi bwawa lilitangulia na nyumba za bondeni zikafuata, kwa vibali vilivyotolewa na mamlaka ambazo hazikumuuliza mwenye bwawa neno lolote. Juu ya hayo yote huja hoja inayosikika ya busara kuliko nyingine, kwamba hakuna mtu anayejali usalama wa tuta kuliko mwenyewe.

Hoja hii ya mwisho ndiyo ninayoona kwamba Toccoa iliivunja kabisa. Mwenye bwawa na waliokufa walikuwa jumuiya moja: chuo kilimiliki tuta, na chini yake walilala wanafunzi wake, walimu wake na watoto wao. Hapakuwa na tajiri wa mbali aliyebana matumizi huku maskini wakibeba hatari. Kama kujali kungetosha, bwawa hilo lingekuwa salama kuliko yote ya jimbo lile. Wachunguzi wa serikali kuu walikuta kwamba mteremko wa upande wa chini ulikuwa mkali mno, karibu nyuzi 45, na kwamba sehemu yake ilikuwa imeporomoka mwaka 1973 bila tuta kuimarishwa ipasavyo. Hawakuweza kutaja chanzo kimoja tu cha kupasuka. Walitaja udongo uliolowa, maji yaliyopenya ndani ya tuta, na mabaki ya kazi za zamani yaliyofukiwa humo. Mambo haya hayaonekani kwa macho ya mtu mwema anayepita na tochi, na ndiyo maana siwalaumu wale wa zimamoto.

Starehe nayo ina tabia yake ambayo wamiliki huisahau. Lambo la mifugo hushuka kiangazi na bwawa la umwagiliaji hufunguliwa kwa ratiba, lakini ziwa la kuvulia na kuogelea hupendeza likiwa limejaa, hivyo mwenyewe hutamani lijae mwaka mzima, na kila kinachopunguza maji au kupoteza samaki huonekana kwake kuwa hasara. Mfano mkubwa zaidi ni bwawa la South Fork huko Pennsylvania, mali ya klabu ya matajiri waliokuwamo Andrew Carnegie na Henry Clay Frick. Mabomba ya chini ya kutolea maji yalikuwa yamekwisha kung'olewa na mmiliki aliyetangulia, na klabu haikuyarudisha. Ikashusha kilele cha tuta, na kuweka nyavu kwenye utoro ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 maji yalipita juu ya tuta, na bonde la Johnstown likapoteza watu 2,209. Bwawa lile lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko la Toccoa, lakini nyavu za samaki ni kishawishi cha kila ziwa la starehe, hata la ekari mbili.

Sheria ilichelewa. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukagua mabwawa mwaka 1972, baada ya bwawa la taka za makaa ya mawe kupasuka Buffalo Creek, West Virginia, na kuua watu 125, lakini ukaguzi wa mabwawa yasiyo ya serikali kuu haukutengewa fedha. Ilipotokea Toccoa, Rais Jimmy Carter, aliyewahi kuwa gavana wa Georgia yenyewe, akaagiza uanze. Mabwawa zaidi ya 8,800 yalikaguliwa hadi mwaka 1981, na karibu theluthi moja yakaonekana si salama, mengi kwa sababu utoro wake usingeweza kubeba mafuriko makubwa. Georgia ikatunga sheria yake mwaka 1978, ikiyaweka mabwawa katika madaraja kwa kuuliza kama kupasuka kwake kungeua mtu bondeni.

Swali hilo naliona ndilo sahihi, ila hata Georgia huliuliza baada ya kupima kwanza: bwawa lisilofika kimo cha futi 25, wala ujazo wa takriban meta za ujazo 123,000, haliguswi. Katika Uingereza, sehemu ya England hutumia mpaka wa meta za ujazo 25,000, na aliye juu ya hapo akiwa na bwawa la hatari hulazimika kumwita mhandisi aliyeidhinishwa na serikali angalau kila baada ya miaka 10. Texas ilikwenda upande mwingine, ikayasamehe mabwawa mengi madogo ya watu binafsi yaliyo vijijini. Utetezi wa mipaka hii ni kwamba wakaguzi ni wachache na madimbwi ni mengi, na utetezi huo ni wa kweli. Lakini mpaka wa ujazo hauwezi kujua kama chini ya tuta kuna malisho matupu au chumba cha watoto.

Jambo hili si geni kwetu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba binafsi lilipasuka Solai, kaunti ya Nakuru, na kuua watu zaidi ya 40. Lilikuwa la kilimo, si la starehe, lakini waliolala chini yake hawakuwa na sauti katika uendeshaji wake.

Kwa hiyo naegemea upande wa ukaguzi wa lazima kwa kila tuta lenye watu chini yake, hata likiwa dogo, ufanywe na mtu asiyelipwa mshahara na mwenye bwawa. Kuhusu gharama, wamiliki wana haki katika jambo moja: pale mamlaka iliporuhusu nyumba zijengwe bondeni baada ya bwawa kuwapo, si haki bili yote ya kupanua utoro iende kwa mmoja, na mamlaka iliyotoa kibali ichangie. Ila kwa bwawa la starehe kuna njia isiyosubiri mgawo wa bili. Bomba la chini, kama lipo na linafunguka, linaweza kufunguliwa kabla ya msimu wa mvua na maji yakashushwa mita moja au mbili hadi matengenezo yafanyike. Hakuna zao litakalokauka wala taa itakayozimika. Mashua zitakaa kwenye matope kwa miezi michache. Mmiliki anayekataa hata hilo hawezi tena kusema kwamba kinachomzuia ni fedha.