Nikiambiwa "imeisha" mi wala sikasiriki

Jumamosi nilimpeleka mdogo wangu kula baga kwenye mgahawa mmoja wa zamani hapo mjini Mwanza, sio mbali na Makoroboi. Yuko likizo, tumetoka zetu Nyegezi na daladala, jua la kufa mtu, tunafika saa nane na nusu dada wa kaunta anasema pole kaka, nyama imeisha, imebaki chai na sambusa tu. Dogo alinuna kweli. Akaniuliza hivi hawa watu hawataki hela? Na hiyo kauli nimeisikia kwa watu wengi sana ndo maana leo naandika, kwa sababu mi naona hiyo "imeisha" ndo inayofanya ile sehemu iwe ilivyo.

Marehemu baba alianza kunipeleka pale nikiwa darasa la tatu. Meza ni zilezile, sinki la kunawia liko mlangoni na sabuni imefungwa kwenye kipande cha wavu wa vitunguu, menyu imeandikwa ukutani kwa rangi, haijai hata mistari kumi. Basi.

Ila jiko lile sasa! Ukikaa meza ya ndani unaona kila kitu. Mzee ananunua nyama buchani asubuhi, anaisaga mwenyewe kwa ile mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyobanwa kwenye kona ya meza, kilo chache tu. Ukiagiza anatandaza kitunguu kwenye kikaango cha chuma, kitunguu chembamba unaona mpaka upande wa pili, anaweka donge la nyama juu yake halafu anakandamiza na mwiko wa chuma mpaka kingo zinachanikachanika na kuanza kukauka, hapo ndo ananyunyiza chumvi. Siku moja nikamuuliza, shikamoo mzee, mbona chumvi mwishoni? Akanijibu, "Marahaba. Ukiichanganya mapema mwanangu, nyama inashikana inakuwa soseji." Akishageuza anapasua skonsi, anaifudikiza juu ya yale mafuta ya nyama, ikitoka imepata rangi ndani na nje bado laini. Kachumbari inakuja pembeni kwenye kisahani, pilipili ya kukamua unajiwekea mwenyewe. (Kitunguu chini ya nyama sio mambo ya hapa tu, migahawa ya White Castle ya Marekani iliyoanza 1921 huko Wichita, Kansas, nao baga zao zinaivia juu ya vitunguu. Na wale wanaouliza kama hambaga ina nguruwe kwa sababu "ham" kwa Kiingereza ni nyama ya nguruwe, haina, jina limetokana na mji wa Hamburg kule Ujerumani.)

Sasa turudi kwenye "imeisha". Nyama ya kusaga sio kama nyama ya vipande. Kipande vijidudu vinakaa juu, ukikipitisha motoni vinakufa, lakini ukishasaga kile cha juu kimeshaingia ndani kote, ndo maana kule Marekani wanashauri baga ifike nyuzi joto 71 mpaka katikati. Mzee akiibana ile nyama ikawa nyembamba inaiva yote haraka kabla haijakauka. Na hii kitu hailali. Yeye halazi nyama iliyosagwa kwenye friza, na hapa tunajua wote umeme ukikatika nini kinatokea, inayeyuka, umeme unarudi inaganda tena, kesho unauziwa wewe. Nimeshakula baga ya hivyo sehemu moja mpya yenye taa nzuri za kupigia picha, nyama ngumu, katikati ni baridi kabisa, na nimelipa mara tatu ya bei ya mzee. Inaniuma, maana sisi tuko Usukumani jamani, ng'ombe wamejaa Kanda ya Ziwa yote, buchani kila asubuhi kuna nyama fresh, kwa nini tule ya barafu?

Kwa hiyo wanaomshauri mzee anunue mafriza, aongeze pizza, afungue tawi lingine Buzuruga, naomba mumwache. Yule anasaga anachoweza kukipika siku hiyohiyo kwa mikono yake miwili. Akisaga mara nne ya hapo lazima ibaki, ikibaki lazima ailaze, na mkishailaza mtakuwa mnakula kitu kingine kwenye meza zilezile. Ukiitaka wahi, kabla ya saa saba hujakosa.

Jumatatu tukarudi saa tano na nusu. Dogo alikula ya kwanza hata hakuongea, akafuta sahani na kipande cha mwisho cha skonsi, akaomba nyingine. Dada akamwangalia mzee, mzee akainua vidole viwili, zimebaki mbili. Nyuma yetu kulikuwa na mama mtu mzima ndo kwanza anaweka beseni lake chini anavuta kiti. Dogo akageuka akamwona, akamwambia dada, "Lete moja tu, tutagawana na kaka."