Mwanga umeonekana, au mwanga ameonekana?

Jumapili iliyopita, kabla hata ya adhana ya alfajiri, simu yangu ililia mara kumi na nne. Kundi la familia. Nikajua msiba. Kumbe ni video ya sekunde tisa kutoka kamera ya ulinzi nyumbani kwa binamu yangu: korido tupu, picha nyeusi na nyeupe, mara kiduara cheupe kinashuka kutoka pembe ya dari, kinaelea mbele ya mlango wa chumba cha wageni, kisha kinaingia ukutani na kupotea. Chini yake binamu kaandika: "Mwanga AMEONEKANA jamani."

Angeandika "umeonekana" tungekunywa chai zetu kwa amani. Lakini Kiswahili chetu kina mtego wake: mwanga ni nuru, na mwanga ni yule anayezunguka usiku bila nguo kwenye nyua za watu. Herufi moja tu, na nuru imeshapata miguu na jina.

Maana chumba cha wageni alilala shangazi yetu, mama wa miaka 71, aliyekuja kutoka Muheza kutibiwa goti. Mpaka saa sita mchana alikuwa ndani ya basi anarudi, na goti lake vilevile. Hakuna aliyemwambia ukweli usoni. Aliambiwa watoto wana mitihani, nyumba inahitaji utulivu. Mwezi wa likizo!

Jumatatu nikaenda na ngazi, kitambaa na hasira.

Sasa nisikilizeni, maana nimechoka kueleza jambo hili kwa sauti za WhatsApp za dakika tatu. Kamera ile giza likiingia inaacha rangi na kuwasha vitaa vyake vya infraredi vilivyoizunguka lenzi. Jicho lako halioni mwanga huo, kamera inauona. (Huamini? Washa kamera ya mbele ya simu yako, ielekezee rimoti ya televisheni, bonyeza kitufe. Simu nyingi zitakuonyesha kitaa kinawaka ambacho kwa macho hukioni.) Chembe ya vumbi au kijidudu kikipita sentimita chache mbele ya lenzi, kinamulikwa kwa nguvu kuliko kitu kingine chochote koridoni. Kwa kuwa kiko karibu mno, lenzi haiwezi kukichora vizuri, basi kinavimba na kuwa duara kubwa linalong'aa. Ndiyo maana "linaelea" kwa kasi ya ajabu: halijavuka korido, limevuka upana wa kiganja. Ndiyo maana linapita mbele ya mlango, mbele ya kabati, mbele ya kila kitu, na halipiti nyuma ya chochote hata siku moja. Na halikuingia ukutani, limetoka tu mbele ya vile vitaa.

"Mbona mchana halionekani?" akauliza binamu, akijiona wakili. Mchana vitaa vimezimwa, ndugu yangu. "Mbona kamera imerekodi saa tisa usiku hasa?" Kwa sababu umeiwekea irekodi kitu kikisogea, na saa tisa usiku kilichosogea ni vumbi la feni yako.

Nikachukua mkeka wa sebuleni, nikazima taa, nikaukung'uta chini ya kamera mara mbili. Tukarudi kuangalia simu. Wanga kama mia hivi, wanacheza ngoma. Mke wa binamu akacheka, halafu akajikuta anacheka peke yake. Nikapanda ngazi: utando wa buibui umekatisha lenzi, na mwenyewe kakaa pembeni kama mwenye nyumba. Nikafuta. Siku nne sasa, hakuna mwanga, wa nuru wala wa miguu.

Mtasema nafanya kubwa jambo dogo. Hapana. Kanda ya Ziwa tumewazika akina bibi waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu ule ulitokana na moshi wa jikoni: kuni na kinyesi cha ng'ombe, miaka hamsini ya kupuliza moto. Ushahidi ulikuwa macho. Leo ushahidi ni "video ipo". Zamani mtu akidai kaona kitu angalau ungeweza kumwuliza alikuwa amekunywa nini. Kamera haiulizwi. Tumeipa heshima ya kadhi wakati hata kujifuta uso haiwezi.

Mengine nayapitia haraka, kabla hamjajaza simu yangu. Ile treni ya nyota iliyonyooka angani ni setilaiti za Starlink, zinarushwa makundi makundi tangu Mei 2019, na zinaonekana baada ya magharibi au kabla ya alfajiri kwa sababu huko juu jua bado linazipiga. Kile kidoa cha kijani kwenye picha yako ya usiku ni taa ya barabarani iliyojigonga ndani ya lenzi. Chora mstari kutoka kwenye taa kupita katikati ya picha, utakikuta upande wa pili. Mstari wa taa juu ya maji ya Ziwa Victoria usiku wa giza ni watu wanavua dagaa. Na wazungu nao wasitucheke: kule Marfa, Texas, watu wamekuwa wakikesha kutazama taa za ajabu jangwani, na mwaka 2004 wanafunzi wa fizikia wa chuo kikuu walizifuatilia wakakuta zile walizoziona ni taa za magari kwenye barabara kuu.

Haya, nikiri kidogo, kwa shingo upande. Kuna bonde linaitwa Hessdalen, Norwei, ambako mianga imerekodiwa kwa vyombo vya kitaalamu, kituo kipo tangu 1998, na mpaka leo nadharia ni nyingi kuliko majibu. Halafu kuna marubani walioeleza miaka na miaka kwamba wameona mimuliko juu ya mawingu ya radi, wasomi wakawapuuza. Julai 1989 watafiti wa Minnesota, wakijaribu kamera yao kwa kazi nyingine kabisa, wakainasa bila kukusudia. Marubani walikuwa sahihi. Kwa hiyo sisemi kila mwanga ni buibui. Ila wale wa Hessdalen walipoona taa walileta rada. Sisi tulileta tiketi ya basi.

Kundi la familia limenyamaza. Video ya mkeka imeonwa na wote, alama mbili za bluu, hakuna aliyejibu isipokuwa mjomba mmoja aliyetuma dua ya Ijumaa siku ya Jumanne. Binamu anasema ataomba radhi "mambo yakitulia".

Nilimpigia shangazi nikamweleza yote, maana nilishindwa kuendelea kumdanganya mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, halafu akauliza: "Na huyo buibui, naye mmempandisha basi?"