Vituo vya polisi navyo vipewe ithibati?

Askari polisi wengi wa Tanzania wamepikwa hapa Moshi, pale CCP, chuo cha mafunzo ya polisi, kwa hiyo swali hili linatuhusu sana: kwa nini chuo kikuu kihitaji ithibati, yaani uthibitisho wa ubora, ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ilhali kituo cha polisi, chenye mamlaka ya kumfungia mtu, hakihitaji?

Marekani ina tume iitwayo CALEA, inayotoa ithibati kwa polisi, iliyoundwa 1979. Idara ya polisi huomba yenyewe, hulipa ada, hujipima kwa viwango vilivyoandikwa, kisha hukaguliwa na watu wa nje. Ikifaulu, huweza kubandika muhuri wa tume hiyo kwenye magari ya doria.

Mimi naona muhuri huo una maana. Nembo ya polisi humwambia raia kwamba dola ipo. Haimwambii kama mahabusu ni salama, wala kama kielelezo alichokabidhi kitaonekana siku ya kesi. Muhuri wa ithibati unadai kuna mtu asiye askari aliyeingia mahabusu na kufungua madaftari. Kwa mama anayefika kaunta usiku kuomba PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, damu ikimtoka, hilo si jambo dogo.

Wanaopinga wanasema ukaguzi wa aina hii hupima karatasi, tena anayelipa ada ndiye anayekaguliwa. Hapo wana haki. Karatasi sisi tunazo: tuna PGO, yaani kanuni za kazi za polisi, tuna sheria ya kumfikisha mtuhumiwa mahakamani ndani ya saa 24, tuna mabango yanayosema dhamana ni bure. Kituo kinaweza kuwa na mafaili safi kabisa, na ndugu bado wakachangishana fedha za kumtoa mtu wao.

Ndiyo maana ada isitoke kwa polisi, na wakaguzi waanze na waliowahi kulala mahabusu na waliofuatilia RB zao (namba za taarifa walizofungua polisi) miezi mingi. Tume ya Haki Jinai ya 2023, iliyoangalia utendaji wa polisi na vyombo vingine vya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilionyesha kwamba polisi wanaweza kutazamwa kutoka nje.

Kuna ugumu mmoja ambao watetezi wa ithibati huuruka. TCU imewahi kuvizuia vyuo kudahili, lakini kituo cha polisi hakiwezi kufungiwa, maana wezi hawatasubiri. Kwa hiyo kituo kikinyang'anywa muhuri, adhabu imwangukie mkuu wake: asipande cheo mpaka wakaguzi warudi na kuridhika.